Kinu Kisichonuka Dagaa

Vuta kiti ukae, mwanangu, tuongee. Nasema na wewe muuguzi uliyeripoti kazini juzi, ambaye sare yako bado ina mikunjo ya dukani, na kila mama mwenye mimba changa akiingia anatapika unaanza kutafuta mlango. Mimi nimestaafu. Nilifanya kazi ya ukunga kando ya ziwa, halafu Bunda, halafu Musoma mjini. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, maana hayajawahi kumsaidia mgonjwa yeyote. Nataka kukueleza jambo moja dogo ambalo hutalikuta limebandikwa kwenye ukuta wa kliniki: jinsi ya kumtengenezea mama huyo juisi nzito ya matunda ambayo tumbo lake litaikubali. Nyie vijana mnaiita smuthi. Iite upendavyo. Mimi niliijua kabla sijaona blenda kwa macho yangu.

Nimezaliwa Butiama, kwenye nyumba ya ng'ombe. Harufu nilizokua nazo ni za samadi, moshi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ndogo ya ufukweni, mbele kidogo ya Kibara. Siku naripoti nilishuka kwenye lori la mizigo na sanduku langu la bati, upepo ukageuka, na harufu ya dagaa ikanipiga usoni kama mlango. Dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali, kwenye mchanga, kwenye nyavu kuukuu, kwenye chanja za miti, na akina mama waliinama wakiwageuza kwa fagio. Nilifika mbele ya mkuu wangu mpya nimeziba pua kwa kitambaa.

Mkuu huyo alikuwa Mama Perpetua, muuguzi mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya chini. Alinitazama, akatazama kitambaa.

"Karibu, mwanangu. Hiyo harufu utaizoea."

"Na nisipoizoea, Mama?"

"Utaizoea tu. Pua haina msimamo."

Alisema kweli. Kabla ya mvua kubwa kufika nilikuwa nakula dagaa asubuhi na jioni, na wala sikujua tena kama wananuka. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Tulikuwa na mizani iliyopenda kumwongezea kila mtu uzito, utepe wa kupimia tumbo, darubini moja, na ile tarumbeta ndogo ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto. Mama Perpetua alinifundisha kuishika ile tarumbeta kwa sikio bila kuigusa kwa mkono, kwa sababu mkono una kelele zake. Lakini kifaa chake kikubwa kilikuwa swali.

Pale ufukweni mimba changa ilikuwa haitajwi. Mwanamke anaijua, mumewe anaijua, mama mkwe anaihisi, na wote wanakaa kimya mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Hofu ilikuwa kwamba mimba iliyosemwa mapema haikai. Ukimuuliza mtu mbele ya wenzake kama ni mjamzito, atakataa, na kesho haji tena. Wengi walikuja kwetu wakisema wana malaria, na wasipoangaliwa vizuri wangeweza kumeza dawa wasizozihitaji. Kwa hiyo Mama Perpetua hakuuliza habari za mimba. Alimsogelea mama akamuuliza taratibu, "Siku hizi jikoni kwako kuna kitu gani kinakukera?"

Hapo majibu yalimwagika. Mmoja anasema mafuta ya kukaangia. Mwingine sabuni ya mche. Mwingine alisema mume wake.

"Naye ni dalili," Mama Perpetua aliniambia tulipobaki wawili. "Atampenda tena miezi ikisogea. Usimwandikie dawa."

Sasa nikueleze habari ya Sabina, maana kila ninachokijua kuhusu juisi hii kilianzia kwake.

Sabina alikuwa msichana wa Ukerewe, aliyevuka na kivuko cha Kisorya akaja kuolewa na Magesa, kijana mvuvi wa pale kijijini. Siku ya kwanza alipoletwa zahanati hakuweza kusimama wima. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Mama Magesa, mwanamke mrefu mkavu aliyekuwa akisimamia uanikaji wa dagaa ufukweni, na aliyezoea kusikilizwa.

"Sista, huyu ana malaria," alisema. "Anatapikaga kutwa nzima."

"Tumepima, Mama. Malaria haipo," nikamjibu.

"Basi pimeni tena. Hiyo darubini yenu imechoka."

"Tumepima mara mbili."

"Basi anadeka. Eti dagaa wanamtia kichefuchefu! Mtoto wa ziwani, amezaliwa juu ya dagaa, leo dagaa wamekuwa wageni!"

Mama Perpetua akamwomba Mama Magesa akamsaidie mama mmoja pale nje aliyelemewa na mapacha. Alipotoka tu, akauliza lile swali lake. Sabina akaanza kulia bila sauti.

"Kila kitu, Mama. Kila kitu kinanuka. Hata maji." Akafuta uso kwa kanga. "Wawili walishatoka. Huyu ni wa tatu. Nikitapika hivi, si atatoka naye?"

Yale machozi, mwanangu, hayakuwa ya kudeka. Alikuwa anashindana na tumbo lake usiku na mchana, akidhani kila akitapika anamtapika mtoto. Mama Perpetua alimshika mkono.

"Mtoto hakai kwenye tumbo la chakula. Ana nyumba yake peke yake, na kutapika hakufiki huko. Kinachotutisha sisi ni wewe kukauka maji. Ukikauka sana utaumwa kweli, na mtoto atapata shida. Kwa hiyo kazi yetu ni moja tu, kitu kiingie na kikae. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Utajitahidi?"

"Nitajitahidi mpaka nishindwe," akasema Sabina, "na sitaki kushindwa."

Tulianza na tulivyokuwa navyo. Tulimtundikia dripu, akapata nguvu ya kukaa. Tulimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mengine yalikaa, mengine yakarudi. Vidonge vya kuzuia kutapika vilimlaza kama mtoto mchanga, na akiamka anaanza upya. Mama Perpetua akamwita Mama Magesa, akamwambia wazi kwamba Sabina akipitisha siku bila kukojoa, au akizimia, au akishindwa hata maji, atapelekwa hospitali Bunda siku hiyo hiyo.

Mama Magesa alikataa. Nilidhani ni ukatili, mpaka aliposema sababu.

"Nikimpandisha gari kwenda Bunda, kabla hajafika, Kibara yote inajua. Wale wawili wa kwanza walitajwa mapema, na wote wakapotea. Sista, mimi sina mjukuu. Huyu nataka akae."

Kumbe alikuwa anamtaka yule mtoto kuliko sisi sote, ila njia aliyoijua ya kumlinda ilikuwa kunyamaza. Mama Perpetua hakubishana naye. Alisema tu, "Mimi nitanyamaza pamoja na wewe, Mama Magesa. Lakini akikauka tunakwenda." Yule mama akatikisa kichwa kukubali, kwa shida.

Ndipo nikajipa kazi. Kila asubuhi Sabina alikuja zahanati kwa kisingizio cha kusafisha kidonda, na mimi nikamtafutia kitu cha kunywa. Nilikuwa na kikombe cha bati, uma, kichujio cha chai na mtungi wa maji yaliyochemshwa.

Kwa majivuno ya mtu wa Butiama nilianza na mtindi. Nilichemsha maziwa vizuri, maana maziwa mabichi yana magonjwa yake na mjamzito hapaswi kuyagusa, nikayagandisha, nikamletea. Sabina alikunywa mafundo mawili, akayarudisha yote kwenye viatu vyangu vyeupe. Akaomba radhi. Nikamwambia viatu vina safari ndefu, vitaona mengi.

Nilijaribu embe lililoiva sana, likamzidi utamu. Nilijaribu chungwa peke yake, likamchoma koo lililokuwa limechubuka kwa kutapika. Chai ya tangawizi niliitia nyingi, kama ya kutibu kikohozi cha wavuvi, akaikataa kabla haijafika mdomoni. Kila siku nilibadilisha kitu kimoja tu, ili nijue kipi kimekubaliwa na kipi kimekataliwa. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua ulichojifunza.

Hatimaye nikapata. Ndizi moja mbivu, ile yenye madoa meusi kwenye ganda. Kipande cha papai lililoiva kabisa, jekundu ndani. Papai bichi lenye utomvu usimpe mjamzito kabisa. Niliponda kwa uma mpaka vikalainika, nikaongeza maji ya mtungi, nikakamulia ndimu kidogo, nikakuna tangawizi isiyozidi ukucha wa kidole kidogo, nikachuja. Ikatoka juisi nzito kiasi, ya baridi, isiyo tamu sana wala chachu sana. Sukari sikutia.

"Usinywe," nilimwambia. "Ilambe kama unaionja. Fundo dogo, pumzika, fundo dogo."

Akafanya hivyo. Tulikitazama kikombe kana kwamba ndicho kitakachotapika. Alipomaliza nusu, akanitazama.

"Imekaa, Sista."

"Usiisifie bado."

"Imekaa kweli."

Nilimpa papai na ndizi za kwenda nazo nyumbani, nikamweleza Mama Magesa hatua kwa hatua, naye akasikiliza kwa makini kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. Nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake Sabina akaja macho yameingia ndani. Juisi ya nyumbani ilirudi yote. Nikatengeneza pale pale mbele yake, akanywa, ikakaa. Akaenda nyumbani, akanywa, ikarudi. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Matunda yale yale, maji kutoka mtungi wetu, ndimu kutoka mti mmoja. Kwangu inakaa, kwake inarudi. Kwa kikombe kimoja cha asubuhi peke yake hawezi kuishi, na kweli mizani yetu, pamoja na ukarimu wake wote, ilianza kuonyesha anapungua. Mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa.

Mama Magesa akaja peke yake, amekunja uso.

"Sista, nikuulize. Huyu mtoto kwako anakunywaga, kwangu anatapikaga. Anataka kusema mimi nina mkono mbaya?"

"Hapana, Mama."

"Basi watu watasema hivyo. Mkwe gani anatapika cha mama mkwe, cha nesi anameza?"

Nikaona hapo panataka kuharibika zaidi ya juisi. Mama Perpetua akaniambia, "Nenda ukaangalie. Usiende kufundisha, kaa tu uangalie." Nikaenda jioni ile ile.

Mji wa Mama Magesa ulikuwa safi, umefagiliwa, vyombo vinang'aa juu ya kichanja. Nilimkuta Sabina amelala kwenye mkeka upande wa ziwa, mbali na jiko. Mama Magesa alikuwa amejiandaa kama mtu anayekaguliwa. Alinawa mikono kwa sabuni. Alimenya ndizi, akakata papai, akatia kwenye kinu chake, akaanza kuponda kwa mchi taratibu, kwa upendo ambao ungeuona kwenye mabega. Nilitazama kila kitu. Maji yamechemshwa. Kichujio ni kipya. Tangawizi ni ile ile ya ukucha. Sikuona kosa hata moja.

Mara Sabina akainua kichwa kutoka kule mkekani.

"Mama, mnaponda dagaa?"

Mama Magesa akasimamisha mchi. "Dagaa gani? Naponda ndizi zako."

"Nawasikia dagaa hapa nilipo, Mama. Wa zamani, waliokauka."

"Unaona, Sista?" Mama Magesa alinigeukia, sauti imepanda. "Unaona ninachosema? Dagaa hakuna, yeye ananusa dagaa!"

Nikainama nikaingiza pua kwenye kinu. Nikasikia ndizi. Nikavuta tena pumzi kwa nguvu. Ndizi na papai. Halafu nikakumbuka lori, sanduku la bati na kitambaa puani, na nikamkumbuka Mama Perpetua akisema pua haina msimamo.

"Mama Magesa," niliuliza, "hiki kinu mnapondea nini siku nyingine?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linachomoza upande gani. "Kinu cha nini tena, Sista? Cha dagaa. Tunapondaga dagaa wa uji wa watoto, dagaa wa mboga, dagaa wa kuku. Toka mama mkwe wangu akiwa hai. Lakini nimekiosha! Nimekiosha kwa maji ya moto na majivu!"

"Umekiosha vizuri sana. Mimi na wewe hatusikii kitu. Tumewazoea. Yeye sasa hivi ana pua nyingine."

Kinu ni mti, mwanangu, na mti unakunywa. Miaka yote ile ya dagaa ilikuwa imeingia ndani ya ule mti, na kila mchi ulipogonga uliwatoa kidogo, ukawachanganya na papai. Pale ufukweni kila nyumba ilikuwa na kinu, na kila kinu kilikuwa cha dagaa. Ni kosa ambalo mtu wa Dodoma hawezi kulifanya hata akitaka.

Mama Magesa alikaa chini kwenye kigoda. Akamtazama Sabina.

"Kwa hiyo hukuwa unadeka," akasema.

"Nilikuwa nasikia dagaa, Mama."

"Na mimi nikawa nakupondea dagaa kila siku, nakwambia kunywa."

"Nilikuwa nakunywa," Sabina akajibu. "Ila walikuwa wanarudi."

Hapo Mama Magesa akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichomtoa machozi, na Sabina naye akacheka huku ameshika tumbo, akiogopa kucheka sana. Tuliponda upya kwa uma kwenye bakuli la bati. Akanywa fundo dogo, akapumzika, fundo dogo. Giza lilipoanza kuingia ilikuwa bado imekaa.

Uma ni mzuri kwa ndizi, lakini kwa tangawizi na kwa papai gumu kidogo unachosha. Mama Magesa si mtu wa kukubali kuchoshwa. Alimkamata Magesa aliporudi kutoka ziwani, akamwambia kesho haendi kuvua mpaka achonge kinu kidogo kipya cha mti mkavu usio na utomvu. Magesa akauliza cha nini. Mama yake akamwambia cha kutouliza maswali. Kilipokamilika walikichemsha, wakakianika, na kabla ya kutiwa chochote Mama Magesa alikibeba mwenyewe mpaka kwa Sabina, akakishika chini ya pua yake.

"Nusa."

Sabina akanusa. "Kinanukia mti."

"Mti unakukera?"

"Hapana, Mama."

Mama Magesa akakifunga uzi mwekundu kwenye shingo, akatangaza mji mzima ukisikia: "Atakayetia dagaa humu, nitamtia yeye."

Usitoke hapo ukadhani juisi ilimaliza kila kitu. Sabina aliendelea kutapika, ila mara chache, na kati ya mara na mara kitu kilikuwa kinakaa. Tulimhamisha kutoka kwenye chanja za dagaa akapewa kazi ya kushona nyavu upande ule upepo unakotokea. Asubuhi, kabla hajanyanyuka kitandani, alitafuna kipande cha kiazi kilichopikwa jana, kikavu, taratibu. Vidonge vyake vya kuongeza damu alivihamishia jioni baada ya chakula, hakuviacha. Siku moja alizidiwa tukamtundikia dripu tena, na Mama Magesa, bila kuambiwa, alikuwa ameshafunga kanga kiunoni tayari kwa safari ya Bunda. "Watu wajue," alisema. "Bora wajue akiwa hai." Hatukulazimika kwenda. Rangi ya mkojo ikarudi kuwa nyepesi, mizani ikaanza kupanda, na ilipofika wakati wa kusikiliza, niliweka ile tarumbeta ya mti tumboni mwake, nikaondoa mkono, na moyo wa mtoto ukasikika. Nilimwita Mama Magesa naye aweke sikio. Aliinama pale muda mrefu mpaka mgongo wa Sabina ukaanza kuuma.

Mtoto alizaliwa salama pale pale zahanati, wa kike, mikononi mwangu. Wakamwita Neema.

Habari ya kinu haikuishia hapo. Wanawake wengine walianza kukiazima, na likazuka tatizo jipya: ukionekana njiani umebeba kinu cha uzi mwekundu, kijiji kizima kimeshajua. Siri yote inakuwa imekwenda. Basi wakawa wanakifunga kwenye kanga na kukibeba mgongoni kama mtoto mchanga. Wazee walikuwa wakiwapita njiani na kuwauliza mtoto anaendeleaje. Wanajibu, "Amelala." Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa na adabu ya kutojua.

Nilipohamishiwa Bunda nilidhani nimeacha dagaa, kwa hiyo tatizo nimeliacha. Bunda kuna pamba. Mama mmoja aliniletea juisi yake kliniki niionje kama ameifanya sawa, ndani ya chupa nzuri yenye mfuniko unaobana. Nikaitambua ile chupa. Ilikuwa ya dawa ya kunyunyizia pamba. Alikuwa ameiosha kwa sabuni mara nyingi, na ilikuwa inang'aa, na bahati yangu na yake ni kwamba alikuwa hajainywa bado. Tuliiharibu ile chupa pamoja tukaifukia mbali na kisima. Kuanzia siku hiyo sikumfundisha mtu kuponda matunda bila kumuuliza kwanza chombo kimetoka wapi. Sikuanza na matunda tena. Matunda watu wanayajua.

Kisha Musoma. Mjini umeme upo, blenda zipo, na parachichi za Tarime zinafika sokoni zikiwa nzuri. Unaweza kumtengenezea mama parachichi na pasheni, au tikiti na ndimu, au ndizi na mtindi kwa yule ambaye mtindi haumkatai. Nikaona sasa kazi imekuwa rahisi. Juisi za dukani zilinitia mashaka kwa wingi wa sukari, na barafu sikujua imetokana na maji gani, lakini za nyumbani nilizipenda.

Karibu na kustaafu kwangu aliingia kliniki mwalimu kijana, amekonda, amebeba mfuko wa plastiki wa kutapikia mkononi kwa tahadhari. Alipotaja jina na kijiji alichozaliwa nikaweka kalamu chini. Alikuwa Neema. Yule yule.

"Mama alisema nikutafute," aliniambia. "Mimi nina blenda, Shangazi, ya kioo, nzuri. Matunda nanunua mwenyewe, naosha. Kila nikinywa inarudi. Mume wangu anaanza kusema labda sitaki tu."

Sijui nilicheka kwa nini, na yeye akakwazika kidogo. Nikamuuliza, "Blenda mnasagia nini siku nyingine?"

"Vitunguu saumu. Nyanya. Pilipili. Lakini naiosha!"

"Najua unaiosha. Kesho niletee."

Akaileta. Kioo kilikuwa safi. Nikafungua kisu chini, nikatoa ule mpira mweusi wa kuzuia maji usivuje, nikamsogezea puani. Hakufika nao mbali. Alikimbilia dirishani.

Tulichemsha ule mpira, tukaulaza kwenye maji ya ndimu, tukauanika juani, na bado aliuchukia. Mume wake, kijana mwema ambaye alikuwa amekosa tu wa kumweleza, aliunusa na kusema haoni shida. Nikamwambia pua yake haikuulizwa. Nilimpa Neema bakuli na uma aanze navyo siku hiyo, nikamwonyesha dalili za kumkimbiza hospitali bila kunisubiri mimi: kutwa nzima hakuna kinachokaa, mkojo kukosa au kuwa mweusi, kizunguzungu cha kuanguka, homa, damu, maumivu makali ya tumbo. Nikampigia simu mama yake.

Sabina alipanda gari la asubuhi kutoka kijijini akaingia Musoma mchana. Sasa ni mama mtu mzima, mnene, na kwa kanga yake amefunga mzigo mgongoni. Kondakta alikuwa amemuuliza mjukuu ana miezi mingapi. Akamjibu, "Amelala." Alikaa kwenye benchi letu la kliniki, akafungua kanga, na kinu kikatoka. Uzi mwekundu ulikuwa mpya, maana ule wa zamani ulishaoza, na mti ulikuwa umelainika kwa mikono ya wanawake wengi, hao waliokuwa hawajawahi kuwa wajawazito rasmi. Mama Magesa alishafariki, lakini amri yake ilikuwa bado inaheshimiwa. Hakuna dagaa hata mmoja aliyewahi kuingia humo.

Sabina hakunipa mimi kile kinu, wala hakumpa Neema. "Nimekileta, nitakirudisha," alisema. "Kuna mtu kule anakisubiri, simtaji." Kisha akakishika chini ya pua ya mwanawe, vile vile alivyoshikiwa yeye.

"Nusa."

Neema akanusa. Akanusa tena. "Hakina kitu."

Tuliponda ndizi na papai. Alilamba, akapumzika, akalamba. Mama yake alikuwa amekaa pembeni ananyamaza kwa nguvu zake zote, na mimi nilikuwa natazama kikombe kama zamani. Kilipobaki nusu, Neema akafuta mdomo.

"Imekaa," akasema.

"Usiisifie bado," Sabina na mimi tukamjibu kwa pamoja.

Ilikaa. Tangu nimestaafu ananipigia simu, na juzi alinieleza kwamba anaomba chapati.

Sasa wewe, kesho mama atakuja kwako amekauka midomo, na utataka kumpa orodha ya matunda. Subiri kwanza. Tafuta chombo kimoja ambacho hakijawahi kusagia samaki, kitunguu wala kushika dawa ya shamba, kioshe kwa maji ya moto, kianike mpaka kikauke, kisha mpe anuse yeye, wala usinuse wewe. Akikunja uso, tafuta kingine.